Nyekundu ya Maua ya Kofia

Gaspard Roumieu aliingia dukani asubuhi moja ya Oktoba, mwaka 1905, amevaa koti jipya la mahameli, uso umemjaa tabasamu la mtu anayesubiri kupongezwa. Honorine Tessandier hakumpongeza. Alikuwa nyuma ya meza, mikono imejaa buluu hadi kwenye viwiko, na gazeti alikuwa amekwisha kulisoma. Alilisoma mara tatu akiwa amesimama, na mkate wake wa asubuhi ukamshinda.

Gazeti lilisema kwamba katika Maonyesho ya Vuli kulikuwa na chumba kimoja ambacho watu waliingia wakicheka na kutoka wakigombana. Wachoraji wa chumba hicho walipaka miti kwa nyekundu, nyuso kwa kijani, na maji ya mto kwa rangi ya machungwa, wala hawakuomba radhi. Mwandishi aliwaita wanyama wa porini. Kisha akaongeza kwamba aliyenguruma kabla ya wenzake wote, shina la uchoraji huu mpya, ni Bwana Gaspard Roumieu wa Montmartre.

"Umeniona, Mamzeli Honorine?" Roumieu akauliza. "Paris nzima inanitukana! Tangu nizaliwe sijapata heshima kama hii."

"Nimekuona. Na miti nimeiona. Naijua hiyo miti."

Roumieu akajitia hamnazo, akaanza kuchokoa tyubu za rangi zilizopangwa mezani.

Honorine aliijua miti ile kwa sababu ilizaliwa katika chumba cha juu ya duka hilihili. Mdogo wake, Anselme, aliichora huko kwa majira mawili ya baridi, juu ya vifuniko vya masanduku ya sigara, kwa kuwa mapafu yake hayakumruhusu kukaa wima zaidi ya saa moja na kifuniko kimoja humalizika kwa saa moja. Miti ya kijani, alisema, kila mtu amekwisha kuiona. Wakati huo Roumieu alikuwa bado anachora bata waliokufa, bata baada ya bata, wote rangi ya mchuzi uliolala. Kila Alhamisi alipanda ngazi, akanywa supu ya Honorine mabakuli mawili, akakaa kwenye kitanda cha mgonjwa na kutazama. Alitazama sana. Anselme alipofariki, Februari ya 1903, Roumieu ndiye aliyelia kwa sauti kuliko wote makaburini. Kisha akabeba vile vibao vyote ndani ya gunia la viazi, akisema atavitunza yeye, maana dukani kuna unyevu.

"Vibao vya Anselme viko wapi, Bwana Roumieu?" Honorine akauliza.

"Vibao?"

"Vilivyokuwa kwenye gunia."

"Ah, vile." Roumieu akaweka mkono kifuani. "Mamzeli, unaikumbuka ile baridi ya mwaka juzi? Sikuwa na makaa hata chembe. Mbao za sigara, nikwambie kweli, huwaka vizuri sana, na hunukia. Anselme angekuwa hai angenitilia jikoni kwa mkono wake mwenyewe. Alikuwa na moyo yule kijana!"

 Honorine aliikandamiza mikono yake ya buluu juu ya jiwe la kusagia. Alitamani kumpiga na lile jiwe. Nasema hivi bila kumsingizia, kwa sababu yeye mwenyewe alilisema baadaye, tena bila kujutia hata neno moja.

"Sasa tuyaache hayo," Roumieu akasema. "Nataka nyekundu. Isiwe ile ya kila duka. Nataka nyekundu inayopiga kelele. Wewe unasaga vizuri kuliko baba yako, Mungu amrehemu. Nitengenezee yangu peke yangu."

"Rudi Jumatatu," Honorine akamwambia.

Siku zile tatu alifikiri kwenda magazetini. Lakini angesema nini? Mwanamke asiyeolewa, msaga rangi, aje na hadithi ya vibao vilivyokwisha kuwa majivu. Wangemcheka na kumpa kiti kama mgonjwa. Katika Paris yote kulikuwa na kinywa kimoja tu ambacho kikilitaja jina la Anselme kingesadikiwa, na kinywa hicho kilikuwa cha Roumieu. Basi akaapa kwamba kinywa hicho kitafunguka. Kitafunguka mbele ya watu, kitasema ile miti ni ya nani, na kabla ya kufunguka kitakuwa kimekwisha kuonja uchungu.

Njia aliipata kwa jirani. Ng'ambo ya ua aliishi Mama Zélie, mtengenezaji wa maua ya kitambaa yanayobandikwa kwenye kofia za mabibi. Jumamosi Honorine alimkuta anachovya mawaridi kwenye bakuli, vidole vyekundu kama vya mchinjaji.

"Rangi gani hiyo, Mama Zélie? Inaumiza macho."

"Unga wa kiwandani, mwanangu. Ndio huohuo wanaotengenezea wino mwekundu. Mzuri, eh? Lakini ni mwongo huo! Uweke juani uone. Waridi langu lina umri wa msimu mmoja. Likifika wa pili limepauka kama uso wa mume wangu akiulizwa alilala wapi."

"Na mabibi hawalalamiki?"

"Walalamike nini? Kofia ya mwaka jana nani anaivaa? Wananunua nyingine. Likidumu waridi, mimi nitakula nini, ukuta?"

Honorine alicheka mpaka Mama Zélie akamtazama kwa wasiwasi, maana tangu msiba hajamsikia akicheka. Aliondoka na unga umefungwa ndani ya karatasi. Usiku wala mchana hakupata shida nao: ulikubali mafuta ya kitani kwa upole, ukalainika chini ya jiwe, ukatoa nyekundu ambayo hata yeye, binti wa muuza rangi, hajapata kuona mfano wake. Ilikuwa nzuri mno. Kwa mara ya kwanza maishani aliona haya mbele ya jiwe la baba yake, kisha akakumbuka gunia la viazi, na haya ikamwishia. Tyubu akazibandika karatasi iliyoandikwa TESSANDIER, akazipanga kwenye rafu ya peke yake. Mteja mwingine hakumuuzia hata tone.

Kipande kidogo alikipaka kwenye ubao, nusu akaifunika kwa kadi, akakiweka dirishani penye jua. Ilipofika masika akaiondoa kadi. Upande uliofunikwa ulikuwa bado unapiga kelele. Upande wa pili ulikuwa rangi ya maji yaliyooshewa vyombo.

Roumieu alipenda nyekundu ile kama mlevi apendavyo chupa. Alichora kwayo miti, mapaa, mashavu, farasi, hata theluji. Akanenepa, akafuga ndevu, akaanza kuulizwa na waandishi uchoraji mpya umetoka wapi. Hapo ndipo alipopiga chuku. Mwaka 1906 alisema ameupata kusini, jua lilipompiga utosini akiwa mashuani. Mwaka uliofuata alisema hapana, ni vioo vya rangi vya kanisani alivyovitazama utotoni wakati wenzake wanasali. Mwaka 1908 akanunua kinyago cha Kongo kwa baharia mmoja kwenye baa, na tangu siku hiyo kila kitu kikawa kimetoka kwenye kinyago. Kinyago chenyewe kilining'inia karibu na jiko lake, na aliyekichonga hakuulizwa jina, kama ilivyo desturi ya Roumieu kwa watu anaowachukulia vitu.

Kila makala Honorine aliikata na kuibandika kwenye mlango wa choo, kwa ndani. Na kila Roumieu alipokuja kuchukua rangi, alimuuliza kwa sauti tamu:

"Na mwaka huu, Bwana Roumieu, umeupata wapi?"

"Wewe Mamzeli una ulimi!" Roumieu akacheka. "Chanzo cha sanaa si kama chanzo cha mto, ukaweke kibao hapo. Ni siri."

"Kweli. Kibao kingesaidia."

Hakuelewa, au alielewa akameza. Honorine alimfungia tyubu zake kwenye karatasi, akamvisha kilemba cha ukoka kwa kusifia picha zake za farasi, akamsindikiza hadi mlangoni. Mlango ulipofungwa alitema mate kwenye beseni. Miaka minne na nusu aliishi hivyo. Watu husema hasira hupoa ikikaa. Ya Honorine ilikaa, ikaiva.

Aprili ya 1910 ukumbi mmoja karibu na Opera uliamua kumfanyia Roumieu maonyesho makubwa ya peke yake. Picha kumi na mbili zilikuwa za tajiri mmoja wa viwanda vya korseti, ambaye tangu azinunue alikuwa amezitundika kwenye veranda ya vioo, kusini mwa nchi, pamoja na miche yake ya ndimu. Zilifika zimefungwa vizuri kabisa. Asubuhi ya siku ya vanishi zikafunguliwa na kutundikwa, na saa tatu Roumieu mwenyewe akafika dukani kwa teksi ya injini, hana kofia, skafu imempinda shingoni.

"Njoo," akasema. "Njoo na sanduku. Chukua nyekundu yote uliyonayo. Usiniulize kitu."

Honorine alivua aproni, akavaa kofia yake nyeusi mbele ya kioo bila haraka. Sandukuni alitia brashi na tyubu kadhaa za zinjifuri halisi, nyekundu ile ya jiwe, ambayo baba yake aliisaga na ambayo hata jua la jehanamu haliiwezi. Ile nyingine aliiacha kwenye rafu.

Ukumbini, wachoraji wote wa Paris wanajua, siku ya vanishi ni siku ya mwisho ya mchoraji kupanda ngazi na kurekebisha kabla umma haujafunguliwa milango. Waandishi huruhusiwa kuzungukazunguka, lakini aliye juu ya ngazi na brashi hasemeshwi. Huyo yuko kazini. Roumieu alifunga mlango wa chumba kikubwa, akanyoosha mkono.

"Tazama."

Honorine akatazama. Miti ilikuwa imepauka kama mifupa. Mashavu ya wanawake yalikuwa majivu. Palipokuwa na zambarau pamebaki buluu baridi, na palipokuwa na nyekundu tupu pamebaki kivuli kama doa la chai. Hata saini, ambayo Roumieu aliipaka sikuzote kwa nyekundu kwa kuringa, ilikuwa imekimbia. Kwenye pembe za chini hapakuwa na jina la mtu. Moyo ulimruka Honorine kwa furaha.

"Ni ile veranda," Roumieu akasema. "Ni unyevu wa ndimu. Sivyo? Niambie ni ndimu."

"Si ndimu. Ni mimi."

"Nini?"

"Nimekuuzia rangi ya maua ya kofia, Gaspard. Tangu siku uliyoniambia umemchoma Anselme jikoni. Nimeisaga kwa mkono wangu, tyubu baada ya tyubu, na kila tyubu nimeifurahia."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina lake tupu. Roumieu akaukunja ngumi mkono wake.

"Mchawi wewe! Nitakushtaki! Nitakufungia duka!"

"Nenda. Simama mbele ya hakimu useme: mimi, mfalme wa nyekundu, nimepaka miaka minne na nusu rangi ya mawaridi ya Mama Zélie na sikuitambua. Hao wanyama wenzako wa porini watakufa kwa kucheka. Na huyo wa korseti atazirudisha zote kumi na mbili."

Roumieu akakaa juu ya sanduku tupu, akashika tama. Nje walisikika wafanyakazi wakiburuta viti. "Unataka nini?" akauliza mwishowe, na sauti ilikuwa ndogo.

"Ninayo zinjifuri humu, ya kweli. Kwa saa tano, sisi wawili, tunaweza kuirudisha miti na mashavu, na kesho hakuna atakayejua. Lakini kwanza utaandika. Andika kwamba miti myekundu uliiona kwa Anselme Tessandier, kwamba yeye ndiye aliyeanza, na kwamba vibao vyake uliviteketeza. Karatasi nitaipeleka magazetini mimi mwenyewe."

"Wataniua."

"Hawatakuua. Watakuita mwanafunzi. Hakuna aliyekufa kwa hilo."

Alimpa kalamu ya risasi. Roumieu akageuza orodha ya maonyesho, akaanza kuandika nyuma yake, polepole, jasho likimdondoka puani. Honorine alisoma juu ya bega lake: Miti myekundu niliiona kwanza kwa. Hapo ndipo mlango uliposukumwa.

Aliyeingia alikuwa Bwana Évariste Pommeraye, mhakiki ambaye kalamu yake ilimfanya mtu awe mtu, na nyuma yake waandishi wengine sita au saba waliomfuata kila aendako. Pommeraye alisimama katikati ya chumba. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Roumieu," akasema, "umeiua rangi."

Roumieu akaifunika karatasi kwa kiganja.

"Umeiua! Mnaona, mabwana? Sisi tunawashangaa wale vijana wa ng'ambo ya kilima wanaochora kwa kijivu na kahawia, gitaa kama limeangushwa ngazini. Tunasema huo ndio mkondo mpya. Tunaulizana umetoka wapi. Kumbe huyu hapa! Ametutangulia wote, kimyakimya, akatuficha! Picha hizi ni za mwaka gani?"

"Za mwaka wa sita," Roumieu akasema. "Na za saba."

"Sita na saba! Andikeni!"

Honorine aliona kila kitu usoni mwa Roumieu, jinsi hofu ilivyotoka na ujanja ulivyoingia kukaa mahali pake. Aliinuka kutoka kwenye sanduku. Karatasi akaikunja mara nne, akaitia mfukoni mwa koti la mahameli.

"Nyekundu ni kelele za ujana," akasema, na sasa sauti ilikuwa imerudi yote. "Nilinguruma nilipotaka kunguruma. Baadaye nikaiamuru rangi iondoke, nayo ikaondoka. Wengine watasema ni bahati, ni hali ya hewa. Andika hivi, rafiki yangu Pommeraye: hakuna doa hata moja kwenye turubai hizi ambalo Gaspard Roumieu hakulitaka. Hata moja!"

"Hata moja," wakaandika.

Honorine alisimama kando ya ngazi, masikio yakimvuma. Ujinga gani huu? Miaka minne na nusu alimsagia mtu sumu, na mtu ameinywa ikamtia nguvu. Alitaka kumvua taji moja, amemvika mbili kwa mikono yake. Anselme sasa alikuwa mbali zaidi kuliko siku ile ya gunia. Machozi ya ghadhabu yalimpanda, akakataa kuyatoa mbele yao, akageuza uso ukutani. Na ukutani, kwenye pembe ya chini ya picha ya mti, aliona palipo patupu, pale saini ilipokimbia.

Akaburuta ngazi. Akapanda na sanduku lake. Hakuna aliyemsemesha, kwa kuwa ilikuwa siku ya vanishi na mkononi alikuwa na brashi. Akaminya zinjifuri, akaandika kwa herufi kubwa, zilizonyooka, kama mwandika vibao vya maduka: ANSELME TESSANDIER. Akashuka, akaburuta ngazi hadi picha ya pili, akaandika tena. Alipofika ya tatu, mwandishi mmoja aliacha kuandika. Kisha mwingine.

"Na hili jina?" Pommeraye akauliza. "Hili nalo ni nini, Roumieu? Tessandier ni nani?"

Roumieu aligeuka. Uso wake ukapauka sawa na picha zake.

"Huyo mwanamke," akasema, "huyo ni mchanganya rangi tu, ana, hana akili timamu, mtoeni..."

"Bwana Roumieu," Honorine akasema kutoka juu ya ngazi, kwa sauti ileile tamu ya dukani, "si umesema hakuna doa usilolitaka? Au lipo moja? Kama lipo moja, basi huenda yapo mengi. Niwaeleze mabwana hawa kuhusu veranda? Niwaeleze mawaridi yanatiwa rangi gani?"

 Kalamu zote zilikuwa zimeinuliwa. Roumieu alimtazama Honorine, akatazama picha, akamtazama Pommeraye, na mtu yeyote aliyewahi kubanwa vidole na mlango angemhurumia. Honorine hakumhurumia.

"Nililitaka," Roumieu akasema.

"Sauti, Bwana Roumieu. Mabwana wa nyuma hawasikii."

"Nimesema nililitaka! Tessandier alikuwa..." Akaivuta skafu shingoni. "Alikuwa mwalimu wangu. Miti myekundu ni yake. Aliichora kabla yetu sote, juu ya vifuniko vya sigara, mimi nikaiona kwake."

"Na jua la kusini?" mmoja akauliza. "Na kinyago?"

"Ilikuwa chumbani kwake," Roumieu akasema. "Juu ya duka la rangi. Nilikuwa nakwenda Alhamisi."

"Na vifuniko hivyo viko wapi?" Pommeraye akauliza, na sauti yake haikuwa na urafiki tena.

"Nilivichoma."

Honorine alisikia neno hilo likianguka chumbani, na alilifurahia. Ilikuwa furaha mbaya, tamu, isiyomrudishia mtu, naye aliitaka hivyohivyo. Akachovya brashi, akaendelea na herufi za picha ya tatu.

"Jina hilo linaandikwaje?" mwandishi mmoja akauliza. "S moja au mbili?"

"Mwulizeni mwanafunzi wake," Honorine akasema bila kugeuka.

Roumieu alianza. T, akasema. E. S. Hapo akasita. Miaka yote ile alikuwa ameminya tyubu zenye jina hilo, na hakuwahi kulisoma. Waandishi walisubiri. Mwishowe ilimbidi asogee hadi ukutani, ainame chini ya ngazi, na kulisoma lilipokuwa bado bichi.